Dripu sio chakula jamani: kulishwa kwa mpira mapema baada ya kupasuliwa kongosho

Hapa Mwanza ukikaa na ndugu wa wagonjwa wanaosubiri muda wa kuingia wodini, hotipoti za uji na mchuzi wa sato mkononi, hukosi kusikia "ah, katundikiwa dripu, chakula anapata". Hapati.

Kulishwa kwa mpira mapema ni hivi: mtu akishapasuliwa kongosho, ndani ya saa 24 mpaka 48 anaanza kupewa chakula cha majimaji kwa mpira mwembamba unaopita puani, au kwenye tundu la tumboni, mpaka kwenye utumbo mwembamba. Basi, hiyo ndo maana yake.

Sasa dripu. Ile ya maji ya chumvi haina kalori hata moja. Ya dextrose 5%, lita nzima ina gramu 50 za sukari, yaani chupa moja na nusu hivi ya soda, haizidi kalori 200, na mtu wa kilo 60 anahitaji kama 1,500 mpaka 1,800 kwa siku, bado hujagusa protini ya kuponyesha kidonda. Ipo kweli lishe kamili ya mshipani, yenye mafuta na protini, ila hiyo inapita mshipa mkubwa wa shingoni au kifuani, ni ghali, inaweza kuingiza wadudu kwenye damu, na utumbo unabaki umekaa bure, na utumbo usipofanya kazi ukuta wake unadhoofika. Ndo maana kama utumbo unafanya kazi wanaanza na huo.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba mipira inaweza kuwa miwili. Kwenye upasuaji wa Whipple wanatoa kichwa cha kongosho pamoja na duodeni (ule mwanzo wa utumbo mwembamba) na kifuko cha nyongo, alafu wanaunga upya, na baada ya hapo tumbo mara nyingi linagoma kusukuma vitu chini kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mpira mmoja unatoa maji ya tumboni, yale ya kijani unayoyaona kwenye mfuko pembeni ya kitanda, na mwingine unalisha mbele ya maungio. Ukiona kijani usipige kelele kwamba chakula kinatoka, ni nyongo na maji ya tumbo.

Na mapema sio kujaza. Wanaweza kuanza na mililita 10 mpaka 20 kwa saa, kijiko cha mezani hivi, wanapandisha taratibu. Ule uji wako wa hotipoti usiumimine humo, mpira ni mwembamba, unaziba mara moja.

Alafu sio kila mtu anawekewa, anayemeza vizuri siku hizi anaanzishwa mapema kwa mdomo, kidogo kidogo, mpira unabaki kwa waliokonda sana au wasioweza kula vya kutosha. Kwa hiyo shangazi, ukiona chupa inaning'inia, muulize nesi kwa upole tu: hii ni maji au chakula, na inaingia mshipani au tumboni? Atakuonyesha.