Je, wajua kwa nini setilaiti ina macho ya kambakoche?

Ukilitazama jicho la kambakoche kwa hadubini utaona miraba, maelfu kwa maelfu. Nzi na nyuki wana vijicho vya pembe sita, lakini huyu ana vya pembe nne. Mbona?

Kila mraba ni mdomo wa mrija mfupi wenye kuta zinazong'aa. Mwanga huingia, hugonga ukuta, huakisiwa na kutua kwenye retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaohisi mwanga. Kazi ya lenzi hapa inafanywa na vioo. Mirija imepangwa juu ya tufe, yote ikielekea kitovu kimoja, hivyo mwanga wa kitu kimoja ulioingia kwenye mirija mingi hukutana mahali pamoja. Kwa mnyama wa majini penye kiza, hiyo ni neema. Wanasayansi Klaus Vogt na Michael Land ndio walioieleza siri hiyo kwa kuchunguza jamii ya kamba, miaka ya 1970.

Mwaka 1979 mwanaastronomia Roger Angel wa Marekani akaona kwamba muundo huo unafaa kunasa eksirei kutoka angani. Eksirei, mwanga usioonekana kwa macho, ni sumbufu: ikikipiga kioo uso kwa uso, inazama humo. Hudunda tu ikija kwa mshazari mno, kama kijiwe bapa kinachorushwa juu ya maji. Na mrija mwembamba ndivyo unavyoipokea.

Wazo lilikuwa zuri, ila nani angetoboa vitundu vya mraba vyembamba kuliko unywele? Ilichukua miongo. Setilaiti ya Einstein Probe, ya China ikishirikiana na Ulaya, ilirushwa Januari 2024. Vitundu vyake vina upana wa mikroni 40 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na kuta zilizopakwa madini ya iridi. Kwa mtazamo mmoja huona karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya anga lote. Darubini za kawaida za eksirei huona kipande kidogo tu.

Lakini jicho hilo la setilaiti halioni kwa ukali. Nyota, ambayo ingepaswa kuonekana nukta, hutokea kama msalaba, kwa sababu miale mingine hugonga ukuta mmoja badala ya miwili. Ndiyo maana setilaiti hiyo ina darubini ya pili, ya vioo vya kawaida. Jicho la kambakoche likinasa mmweko mpya, setilaiti yenyewe hugeuka ili hiyo ya pili ikague vizuri.