Sakafu ya mbao haizibwi kama ukuta

Nyumba nyingi za zamani kwenye milima ya Usambara zina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi. Hapa Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, bado naingia nyumba ambazo mbao zake zilipigiliwa kabla baba yangu hajazaliwa. Nyingine ni mvule, nyingine ni mkulo, ule mti wa kamfa wa milima yetu. Mbao zenyewe bado nzima. Kinachowasumbua wenye nyumba ni nyufa.

Mwezi wa pili aliniita mama mmoja mstaafu. Baada ya shikamoo na marahaba akanipeleka moja kwa moja sebuleni, akatandaza gazeti chini. Ukingo wake ukawa unanyanyuka na kulala, unanyanyuka na kulala, kwa upepo uliotoka uvunguni mwa nyumba.

"Fundi, baridi ya mwezi wa saba inanipanda miguuni kutoka humu. Nataka uzibe zote, tena leo."

"Mama, nikiziba zote leo, mwezi wa nne utaniita sakafu imenyanyuka."

Hakufurahi, nami namwelewa. Lakini nilishawahi kuitendea hivyo sakafu ya mtu, miaka ya mwanzo ya kazi yangu. Ilikuwa kiangazi, nikakaza vipande vya mbao kwenye kila ufa na kuvitia gundi pande zote mbili. Siku ile ilipendeza sana. Masika yalipokolea, mbao za katikati ya chumba zikajikunja na kuinuka, misumari ikang'oka pamoja nazo. Nilirudi kuifumua kwa gharama yangu, na tangu hapo sijaziba sakafu bila kuipima kwanza.

Ubao hunywa unyevu wa hewani na kuutoa, hata ukiwa na umri wa miaka mia. Ukinywa unatanuka, ukikauka unasinyaa, na karibu mabadiliko yote hayo yako kwenye upana. Urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Chukua ubao wa paina wenye upana wa sentimita 15. Unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 14 hadi 10, unapungua karibu milimita 1.5. Ni kidogo, lakini chumba cha upana wa mita 3.6 kina mbao kama hizo 24. Zijumlishe: milimita 36. Masika yakirudi, mbao zinataka milimita hizo zirudishwe. Ukiwa umezijaza kwa kitu kigumu, sakafu haina pa kwenda ila juu. Mvule hucheza kidogo kuliko paina, lakini nao hucheza.

Kwa hiyo kazi inaanza na kipimo. Mimi natumia kadi za benki zilizokwisha muda. Kadi moja ina unene wa takriban milimita 0.76, hivyo nne zikiingia pamoja ufa una milimita 3. Naweka alama ndogo za penseli sehemu kumi za chumba, naandika kadi ngapi zimeingia mwezi wa pili, halafu narudi mwezi wa tano masika yakiwa yamekolea. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi ambayo mbao zinaidai kila mwaka.

Ufa usiopitisha kadi mbili wakati wa kiangazi nauacha. Nasafisha uchafu kwa kisu butu, basi. Najua mafundi wengi huchanganya vumbi la mbao na gundi nyeupe na kupaka humo. Kwenye pakee, zile mbao fupi zilizogandishwa juu ya zege, mchanganyiko huo hukaa vizuri. Kwenye mbao ndefu zilizopigiliwa juu ya boriti hauwezi: msimu mmoja tu unapasuka, makombo yanaanza kuchomoka kila unapofagia. Silikoni nayo inavutika, ndiyo, lakini haipokei rangi wala vanishi, na kuitoa siku za mbele ni adhabu.

Ufa mpana ulionyooka unataka kabari ya mbao, na hiyo naitia msimu wa mvua, ufa ukiwa mwembamba kuliko siku zote. Napasua kibanzi kirefu kutoka kipande cha mti uleule, nakipiga randa hadi upande wa chini uwe mwembamba kidogo kuliko wa juu, kisha nakiingiza kwa mkono. Kikihitaji nyundo, bado ni kinene. Gundi naipaka upande mmoja tu. Upande wa pili nausugua mshumaa, ili gundi ikivuja isishike ubao wa jirani. Nakiacha kimechomoza milimita moja au mbili, na kesho yake nakisawazisha kwa randa. Kiangazi kikija, mstari mwembamba unafunguka upande wa mshumaa, na upepo hauna tena njia kubwa.

Ufa uliopinda, au uliolika kingo, naujaza kwa kamba ya katani. Ujanja huu niliupata Pangani kwa mjomba wangu, aliyekuwa akikalafati majahazi. Alisokota pamba iliyoloweshwa mafuta, akaishindilia kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo, na sauti ya ile nyundo ilimwambia pamba imefika. Sakafu haitaki mafuta ya samaki, yananuka na kuvuta wadudu, wala haitaki kushindiliwa kwa nguvu ile. Jahazi linatakiwa lisivuje. Sakafu inatakiwa tu isipitishe upepo. Natumia kamba kavu, nene kidogo kuliko ufa, niliyoichemsha kwenye chai ya rangi ili ifanane na mbao na kuianika siku mbili. Naibonyeza hadi ishuke milimita mbili chini ya uso wa ubao. Katani hukubali kubanwa, ndiyo maana inaweza kuwekwa hata kiangazi.

Jambo moja nasisitiza: matundu ya hewa yaliyo kwenye msingi, nje ya nyumba, yasizibwe kamwe. Watu huyaziba wakidhani wanamaliza baridi. Unyevu unabaki uvunguni, boriti zinaoza, mchwa wanafuata. Na kama mbao zina rangi ya zamani, usiisugue msasa ikiwa kavu, kwa sababu rangi za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Lowesha, kwangua, watoto wakae mbali.

Ukimaliza na kupaka mafuta ya mbegu za kitani, matambara uliyofutia usiyarundike pembeni. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo la matambara linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Kwa yule mama niliweka katani kwenye nyufa saba zilizopinda wiki ileile, angalau apate nafuu. Kabari zilisubiri hadi mwezi wa tano. Mwezi wa saba nilipita kumwona. Akatandaza gazeti tena mbele yangu, palepale, tukasimama tunaliangalia. Lilitulia.