Kompyuta haichori katuni peke yake

Kijana wa hapa Unguja akisema anataka kwenda chuo kusomea animesheni, yaani utengenezaji wa katuni zinazotembea, swali la kwanza nyumbani huwa ni la kompyuta: bei gani, ina nguvu kiasi gani? Dhana ni kwamba mashine ndiyo itakayofanya kazi, mwanafunzi atabonyeza tu. Sivyo.

Filamu huenda kwa picha 24 kila sekunde. Mchoraji wa mkono mara nyingi huuacha mchoro mmoja ukae picha mbili, kwa hiyo sekunde moja hula michoro 12. Kompyuta inaweza kujaza picha za katikati, lakini haijui nani mzito na nani mwepesi. Ukiiachia, mtu ataelea kama puto.

Nenda Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, jioni ukawatazame watoto wanaojirusha baharini. Kabla ya kuruka, mtoto hukunja magoti na mikono hurudi nyuma. Akifika juu huonekana kama amesita, kisha kasi huongezeka kadiri anavyoshuka, na njia yake ni ya upinde. Kuyaona hayo, na kuamua kila kipande cha mwendo kipewe picha ngapi, ndiyo kozi yenyewe. Wanaoanza huchoreshwa mpira unaodunda mpaka wauchukie.

Blender ni programu ya bure ya kutengenezea animesheni, na zoezi la mpira linafanyika hata kwa penseli kwenye pembe za daftari. Mashine yenye nguvu itahitajika baadaye, hasa kwa kazi za 3D, yaani katuni zenye umbo la pande tatu. Kwa sasa, pesa hiyo bora iwe ada.