Fununu Si Kiapo: Taarifa za Raia na Amri za Kuondoa Bunduki Nchini Marekani

Mwezi Oktoba 1995 mtu asiyejulikana aliwapigia simu polisi wa Miami-Dade, Florida, akasema kwamba kijana mweusi mwenye shati la miraba, aliyesimama kwenye kituo fulani cha basi, ana silaha. Polisi walifika, wakampekua, na kweli wakaikuta bastola mfukoni mwake. Hata hivyo, mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba upekuzi ule haukuwa halali, kwa kuwa simu isiyo na jina, isiyoonyesha msemaji amejuaje anayoyasema, haitoshi peke yake kuwapa polisi sababu ya kumpekua mtu. Na kupatikana kwa silaha baadaye hakuwezi kuusafisha upekuzi uliokwisha kukosewa. Majaji walikataa pia kuweka kanuni nyepesi zaidi kwa sababu tu tuhuma inahusu silaha.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikichambua sheria za ushahidi, na uamuzi huo ndio ninaourejea kila mjadala wa sheria za bendera nyekundu unapozuka. Sheria hizo humruhusu jaji kuamuru mtu anyang'anywe bunduki kwa muda, ingawa hajashtakiwa kwa kosa lolote, iwapo kuna ushahidi kwamba yu karibu kujidhuru au kuwadhuru wengine. Connecticut ilitangulia mwaka 1999, baada ya mfanyakazi wa bahati nasibu ya jimbo kuwaua wakubwa wake kazini mwaka mmoja kabla. Indiana ilifuata mwaka 2005, na baada ya mauaji ya wanafunzi na wafanyakazi wa shule 17 huko Parkland, Florida, mwezi Februari 2018, majimbo mengi yaliingia mkumbo huo. Oklahoma, kwa upande wake, ilipitisha mwaka 2020 sheria ya kuzipiga marufuku.

Wanaozitetea husema raia wakitoa taarifa mapema, maisha yataokolewa. Ni kweli, lakini taarifa pekee haifanyi kazi hiyo. Wiki chache kabla ya mauaji ya Parkland, mtu aliyemfahamu muuaji aliipigia FBI simu ya tahadhari, na taarifa yake haikufikishwa kwa ofisi ya Miami. Huko Highland Park, Illinois, mwezi Septemba 2019 mtu wa familia moja aliwaambia polisi kwamba kijana wa nyumba yao ametishia kuua kila mtu. Polisi wakachukua visu 16, jambia na upanga. Wakati huo sheria ya jimbo ya amri za kuzuia silaha ilikuwa imekwisha kuanza kutumika, lakini hakuna aliyepeleka ombi mahakamani. Miezi michache baadaye kijana huyo alipewa kibali cha kumiliki bunduki, na tarehe 4 Julai 2022 akawaua watu 7 kwenye gwaride.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ubishi wa kama raia watoe taarifa au wasitoe umepotea njia. Fununu ifungue uchunguzi. Mlango wa jaji ufunguliwe na mtu mwenye jina, aliyekula kiapo, anayeeleza aliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Tofauti hiyo ndiyo inayolinda uhuru wa mtuhumiwa, na ilionekana waziwazi Colorado mwezi Januari 2020, siku chache tu baada ya sheria ya huko kuanza kutumika. Mwanamke mmoja aliomba amri dhidi ya askari polisi aliyemuua mwanawe, akadai kwa kiapo kwamba amezaa na askari huyo, ili ahesabiwe kuwa mwanafamilia anayeruhusiwa kuomba. Ombi lilikataliwa, na yeye akashtakiwa kwa kiapo cha uongo. Mpiga simu wa Miami asingeweza kuwajibishwa hivyo.

Hatua inayotia wasiwasi zaidi ni ile ya kwanza, ambapo jaji husikiliza upande mmoja na mlalamikiwa hupata habari polisi wakiwa mlangoni. Mimi naikubali, kwa sharti kwamba muda wake uwe mfupi. Florida inataka kesi isikilizwe na pande zote ndani ya siku 14, ushahidi uwe wa wazi na wa kusadikisha, na amri isizidi miezi 12 bila kuombwa upya. Nisichokikubali ni kumwacha mlalamikiwa bila wakili eti kwa sababu shauri ni la madai, si la jinai. Colorado humpa wakili kwa gharama za jimbo, na sioni kwa nini wengine wasifanye hivyo.

Utekelezaji nao una hatari zake. Mwezi Novemba 2018, huko Maryland, polisi walibisha hodi kabla ya mapambazuko ili kupeleka amri ya namna hii. Mwenye nyumba alifungua akiwa na bunduki, mvutano ukatokea, akapigwa risasi akafa. Kugonga mlango wa mwenye silaha gizani, kumpa karatasi ambayo hajawahi kuisikia, ni uamuzi ambao jaji anapaswa kuuhoji kabla ya kutia sahihi.

Mahakama ya Juu imegusa pembeni tu. Mwaka 2021 iliamua kwamba kisingizio cha kuwajali raia hakiwapi polisi ruhusa ya kuingia nyumbani bila hati na kuchukua bunduki. Mwaka 2024, kwa majaji 8 dhidi ya 1, ilikubali kwamba mtu aliyeonekana na mahakama kuwa tishio anaweza kuzuiwa kwa muda kumiliki silaha. Lakini sheria iliyokuwa mbele yake ilimhakikishia mtu huyo taarifa na nafasi ya kusikilizwa kwanza. Amri za upande mmoja hazikuamuliwa.

Tusisahau kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya kujiua. Utafiti wa Connecticut uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kwa kila bunduki kuondolewa kwa watu 10 hadi 20, mmoja alinusurika kujiua. Anayeomba amri katika hali hiyo mara nyingi ni mke, mzazi au mtoto anayemjua mgonjwa wake kuliko askari yeyote. Kwa Waafrika Mashariki wa Minnesota, ambako sheria ilianza tarehe 1 Januari 2024, familia inaweza kwenda mahakamani yenyewe bila kupitia polisi. Hati ya kiapo ieleze maneno yaliyosemwa, siku yaliposemwa, na bunduki ziko wapi.