Shughuli za Kibinafsi Saa za Kazi: Maana na Mipaka Yake

Shughuli za kibinafsi saa za kazi ni mambo ambayo mwajiriwa hujifanyia mwenyewe, au huwafanyia jamaa zake, katika muda ambao mwajiri anaulipia. Maana hii haiangalii ukubwa wa jambo: karani wa Upper Hill, mtaa wa ofisi jijini Nairobi, anayetoka dakika tano kumtumia mama yake pesa kwa M-Pesa, na mwenzake anayeshinda asubuhi nzima akipokea oda za viatu vya mitumba kwenye simu, wote wawili wamo. Wanachotofautiana ni kiwango, na hapo ndipo mabishano na msimamizi huanzia.

Dhana hii isichanganywe na kutegea kazi. Anayetegea hukwepa kazi hata kama hana lingine la kufanya, ilhali mwenye shughuli ya kibinafsi ana jambo, na mara nyingi halina wakati mwingine wa kufanyika. Benki, shule za watoto na Huduma Centre ya GPO (kituo cha huduma za serikali kwenye Posta Kuu) huhudumia watu saa zilezile ambazo mwajiriwa anatakiwa awe mezani pake. Kwa kibarua wa kiwanda cha Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, ambaye wiki yake ya kazi yaweza kufika saa 52 kwa siku sita, Jumapili haimsaidii kitu, kwa kuwa siku hiyo ofisi anayoihitaji nayo imefungwa. Likizo ya mwaka ya siku 21 ipo, lakini ni nani atakayependa kuimega ili akapange foleni ya cheti cha kuzaliwa?

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kinachoorodhesha makosa yanayoweza kumfanya mtu aachishwe kazi papo hapo, kinataja miongoni mwao kutokuwepo mahali pa kazi bila ruhusa wala sababu halali, na kupuuza kwa makusudi kazi uliyopaswa kuifanya. Kwa hiyo swali la msingi si kwamba ulikwenda benki, bali ni iwapo uliaga na iwapo kazi yako ililala. Koti lililoachwa kwenye kiti ili mwenyewe adhaniwe yuko msalani, mbinu ya kale katika ofisi zetu, ni ovu kuliko safari yenyewe, kwa maana hugeuza dharura kuwa udanganyifu. Hata hivyo, kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe.

Yapo pia mambo yanayoonekana ya kibinafsi ilhali sheria imeyaingiza ndani ya siku ya kazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, usiozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na mapumziko ya chakula. Msimamizi anayemwandikia mama huyo onyo kwa dakika hizo amekosea hesabu, maana hapo hakuna muda wa mwajiri ulioibwa.