Pampu ya joto haitafuti volkano

Leo naomba tulimalize hili. Kila ikizunguka WhatsApp ile video ya nyumba ya Uswidi inayopashwa na pampu ya joto yenye mabomba yaliyozikwa ardhini, haipiti wiki napata ujumbe: fundi, wenzetu wanavuta joto la volkano kwa bomba, sisi huku Mwanza tuna ziwa na miamba kibao, tunakwama wapi? Safari hii aliyeuliza ni mwenye hoteli, mzee ninayemheshimu sana, na tayari ameshaita watu wa kuchimba visima wampe bei ya mita mia na ushee. Mzee wangu, shikamoo, usilipe mtu kwanza.

Uswidi hawana volkano hai. Ardhi ya Stockholm ukishuka chini ina nyuzi 7 hivi, ukigusa unasema hii baridi, na ndo humo humo wanamotoa joto la kupashia nyumba mwezi wa kwanza nje kukiwa na barafu. Ukishalielewa hilo peke yake mengine yote yananyooka, na ukilikosa utaendelea kutafuta volkano Nyegezi.

Watu wanachanganya mambo matatu. Kuna umeme wa mvuke kama Olkaria kule Kenya, visima vya kilomita mbili tatu, nyuzi zinapita 300, na wamezalisha tangu 1981. Kwetu hilo linatafutwa upande wa Mbeya, Ngozi na kwingine. Kuna kutumia maji moto ya ardhini moja kwa moja, kama Reykjavik wanavyopasha mji, au shamba la Oserian pale Naivasha lililopasha nyumba za maua. Haya mawili yanataka ardhi yenye moto kweli, na Mwanza haipo. Bonde la Ufa limepita mashariki yetu na magharibi yetu, sisi tumekaa katikati juu ya mwamba wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, umepoa zamani. La tatu ni pampu ya joto ya ardhini, hiyo ya kwenye video, na hiyo haina undugu na volkano. Joto inalochota mita za juu sehemu kubwa ni la jua lililoingia kwenye udongo. Mtambo wenyewe ni friji. Kompresa inayokandamiza gesi, kondensa inayotoa joto, ekspansheni valvu inayoshusha mgandamizo, evaporeta inayovuta joto, basi, ila evaporeta yake badala ya kupigwa na hewa inapigwa na maji yenye dawa ya kuzuia kuganda yanayozunguka kwenye bomba la plastiki ardhini.

Sasa hapa kwenye "joto linatokaje kwenye kitu baridi" ndo napoishiwa subira, maana wanaobisha wengi wana koldirumu, chumba cha kugandishia, nyumbani kwao! Nenda kwenye koldirumu yoyote ya samaki hapa mjini, ndani nyuzi 18 chini ya sifuri, minofu ya sangara imekuwa mawe. Toka nje usimame mbele ya feni ya kondensa. Ile hewa inayokupiga usoni ina moto wa kukausha shati, na zaidi ya nusu ya moto ule umetoka ndani kwenye hiyo hiyo baridi, kilichobaki ni umeme wa kompresa. Siku wakiingiza mzigo mpya angalia gegi ya mgandamizo wa gesi inayorudi kwenye kompresa inavyopanda, na mkono wako kwenye kondensa utakwambia. Hakuna aliyetengeneza baridi mle ndani. Kuna joto limetolewa likahamishiwa nje, na kitu cha nyuzi 18 chini ya sifuri bado kina joto tele la kutolewa alimradi umpelekee gesi inayochemka chini ya hapo. R-410A, gesi ya viyoyozi na pampu za joto nyingi, ukiiachia kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa inachemka nyuzi 51 chini ya sifuri, kwa hiyo kwake yeye udongo wa nyuzi 7 ni jiko.

Wanaovuka hapo wanadakia upande wa pili, kwamba basi ni umeme wa bure, uniti moja inaingia nne zinatoka. Hapana jamani. Fikiria pampu ya maji inayopandisha maji toka ziwani hadi Bugando. Huilipi itengeneze maji, unailipa iyapandishe, na kilima kikiwa kirefu luku inakimbia. Pampu ya joto hivyo hivyo, uniti tatu zimetoka ardhini, moja ni ya kupandishia. Na kilima chake ni tofauti ya nyuzi kati ya unapochota na unapopeleka. Kutoa kwenye maji ya nyuzi 0 na kupasha sakafu kwa maji ya 35, unapata nne kwa moja na kidogo. Peleka 55 kwenye mtambo ule ule, inashuka mpaka mbili na nusu au tatu. Kila nyuzi moja unayoongeza inakula kama asilimia 2 mpaka 3 ya umeme zaidi. Ile namba kubwa kwenye katalogi imepimwa kwenye kilima kifupi, na pampu za kuzungushia maji nazo zinakula, kwa hiyo muuzaji akikutajia nne muulize nne kutoka nyuzi ngapi kwenda ngapi. Asipojibu, ondoka.

Turudi Mwanza. Hapa hatupashi nyumba, tunataka kupoza, kwa hiyo joto tunalitupa ardhini. Ardhi yetu ina nyuzi 24, 25 hivi, mchana hewa ina 28 mpaka 30. Kwenye karatasi unaona faida ya nyuzi tano. Lakini ili joto litoke kwenye bomba liingie kwenye jiwe, maji ya bomba lazima yawe moto kuliko jiwe, yatakuwa 32, 33, na faida yako imeyeyuka yote. Usiku hewa inashuka hadi 18, hapo kiyoyozi cha kawaida cha ukutani ina mazingira mazuri kuliko hilo shimo ulilolipia.

Na linaloniudhi zaidi ni hili ambalo wauzaji hawaligusi: Uswidi wanachota majira ya baridi, kiangazi ardhi inajirudishia, wengine hata wanairudishia joto la nyumba wakipoza. Sisi tutatupa tu Januari mpaka Desemba, tena joto la chumba pamoja na la kompresa juu yake. Jiwe linalozunguka kisima linapata moto mwaka hadi mwaka. Kuna programu za kukadiria miaka 20 mbele, nazitazama, siziamini sana kwa mwamba wetu, maana jibu linategemea maji yanayopita kwenye mipasuko ya jiwe, na visima viwili vya kiwanja kimoja vinaweza kutofautiana kabisa.

Ziwa je? Wanaosoma wananitajia Toronto, na ni kweli, toka 2004 wanapoza majengo ya katikati ya jiji kwa maji ya Ziwa Ontario. Wanayachota mita 83 chini, yana nyuzi 4 mwaka mzima, baridi ya msimu wa barafu inabaki huko chini. Ziwa letu mahali pa kina kabisa ni mita 80 na kidogo, na chini huko ni nyuzi 23 au 24. Hatuna msimu wa kuyapoza. Maji ni mazuri kuliko hewa kwa kubeba joto, sikatai, kondensa ya maji inafanya kazi vizuri, ila utasafisha mwani na kupambana na magugu maji maisha yako yote.

Mzee, hoteli yako shida yake naijua, ni hita za koili zinazopasha maji ya kuoga na ya dobi. Hapo pampu ya joto ina maana kabisa, ile ya kuchota kwenye hewa, bila kuchimba chochote. Hewa yetu ya nyuzi 25 kwenda maji ya 55 ni kilima cha nyuzi 30 tu, utatumia kama theluthi ya umeme unaotumia sasa. Na kabla ya hiyo, angalia nyuma ya jiko: koldirumu yako inatupa joto uani usiku na mchana. Gesi inatoka kwenye kompresa na nyuzi 70 au zaidi, ukiweka kibadilisha joto pale kabla ya kondensa, gesi ipashe maji bila kuchanganyika nayo, unapata maji ya moto kwa umeme ambao ulishaulipia, na kondensa yenyewe inapumua. Viwanda vya samaki vinavyoosha kreti kwa maji moto na kugandisha minofu ukuta wa pili vingeanza na hili kesho.

Nipimie lita za maji moto mnazotumia asubuhi saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na urefu wa bomba toka koldirumu hadi tanki. Ikizidi mita 30 tutalivika sponji nene lote, na tanki tutalisogeza karibu na jiko.