Lugha mahututi ni ipi?

Ndugu wakiambiwa mgonjwa wao yuko mahututi, hawakimbilii sanda. Wanajua hali ni mbaya, ila pumzi ingalipo. Lugha nayo huweza kuwa mahututi, na hapo neno hili lina maana finyu zaidi: ni lugha yenye wasemaji, pengine wengi tu, lakini watoto hawaipati tena nyumbani.

Aliyelipa suala hili uzito ni Michael Krauss, mwanaisimu wa Alaska. Mwaka 1992 alionya kwamba karne iliyokuwa inakuja ingeweza kuziua au kuzifikisha ukingoni asilimia 90 ya lugha za dunia. Alikuwa akiishuhudia hali hiyo kwa karibu, kwani miaka mingi aliifanyia kazi lugha ya Eyak ya huko Alaska. Marie Smith Jones, wa mwisho kuisema tangu utotoni, alifariki Januari 2008. Magazeti yakaandika kwamba Eyak imekufa siku hiyo. Lakini mama huyo alikuwa na watoto tisa na hakuna hata mmoja aliyeisema. Kwa hiyo ilikuwa mahututi miongo mingi kabla ya msiba ule.

Ndiyo maana idadi ya wasemaji peke yake hupotosha. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, ni kama elfu moja hivi, idadi isiyojaza hata shule moja kubwa ya Dar es Salaam. Hata hivyo watoto wao hukua wakisema Kihadza. Lugha hiyo iko hatarini, hilo halina ubishi, ila kuiita mahututi ni kuizulia kifo.

Kiyaaku cha msitu wa Mukogodo, Laikipia, Kenya, ndicho mahututi hasa. Wayaaku walikuwa wawindaji na warina asali, na mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Mapema karne ya 20 walianza kuoana zaidi na majirani wafugaji waliosema Kimaa, lugha ya Wamaasai. Mkwe mfugaji anataka ng'ombe, mzinga wa nini kwake? Basi mahari ikawa mifugo, nao wakaanza kufuga, na Kimaa kikaingia pamoja na ng'ombe. Tena Wamaasai waliwaita Iltorrobo, yaani maskini wasio na ng'ombe, jina ambalo mzazi yeyote angependa mwanawe aliepuke. Ndani ya vizazi vichache Kiyaaku kikabaki kwa wazee. Nyumba zenyewe ndizo zilizoacha kukisema.

Sasa, matumizi ya neno lenyewe. Lugha mfu ni ile isiyo na jamii ya kuirithisha, kama Kilatini. Kufifia ni mwendo, umahututi ni hatua katika mwendo huo. Na vijana wa Nairobi wakichanganya Kiswahili na Kiingereza, wazee husema Kiswahili kinakufa. Hapana. Lugha inayosemwa na vijana hadi inazaa misimo mipya kila mwezi haiumwi ugonjwa huu. Kusema kweli, Kiswahili ndicho kinachozikaba lugha nyingi ndogo za Tanzania, jambo ambalo sisi wapenzi wake hatupendi kulitaja.

Lakini hata ndani ya familia yetu ya Kiswahili yupo wa kuulizia hali. Chimwiini, lugha ya mji wa Barawa huko Somalia, ni ndugu wa karibu wa Kiamu na Kimvita, lahaja za Lamu na Mombasa. Vita vya 1991 viliwatawanya wenyewe, wengine Mombasa, wengine Uingereza na Marekani. Watu wazima wangali wanaongea Chimwiini harusini na kwenye simu. Anayetaka kujua kama kimeshafika mahututi asiwahesabu hao. Asikilize watoto wao wanajibu kwa lugha gani wanapoitwa kula.